Banda, Meza au Begi la Sampuli: Nini Kinamfikisha Mzalishaji kwa Mnunuzi wa Jumla?

"Shikamoo mama. Kilo unauzaje, na kwa mwezi unaweza kunipa ngapi?"

Shangazi yangu, mfuga nyuki wa Sikonge, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake pale Sabasaba tangu saa tatu asubuhi. Aliitikia marahaba, akataja bei ya chupa, kisha akanyamaza. Bei ya kilo hakuwa nayo, maana kwao asali hupimwa kwa lita na kwa ndoo. Idadi ya mwezi hakuwahi hata kuifikiria. Yule bwana mwenye maduka akashukuru kwa adabu, akachukua kadi, akaenda zake, na hatukumwona tena. Mimi nilikuwa pembeni nafungia wateja chupa kwenye mifuko. Jioni, tulipokuwa tunahesabu mauzo ya siku, niliona shangazi hana habari na noti zilizokuwa mbele yake. Alikuwa bado anamfikiria yule bwana.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wazalishaji ninaokutana nao kwenye maonesho, wa asali, siagi ya karanga, viungo, batiki na vikapu, swali hilohilo: umetumia shilingi ngapi kufika hapa, na utarudi na wanunuzi wangapi wa jumla? Nusu ya kwanza wengi huijibu, angalau kwa kukadiria. Nusu ya pili huwashangaza, kwa sababu wamezoea kuyapima maonesho kwa mauzo ya siku.

Nianze na ile kilo, kwa sababu imewaumiza wengi. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 28. Mfugaji anayemwambia mnunuzi "ndoo ni kilo ishirini" anatoa kilo nane bure kwa kila ndoo, na mnunuzi mzoefu halazimiki kumsahihisha. Mwenye mafuta ya alizeti yuko kwenye mtego uleule kwa upande wa pili, kwani lita ya mafuta haifiki kilo moja. Kabla hujalipia banda, jua bidhaa yako ina uzito gani, katoni yako ina chupa ngapi na bei ya katoni ni ipi. Karatasi moja yenye mambo hayo haigharimu hata shilingi elfu moja kuichapisha, na kwa mnunuzi wa jumla ina kazi kubwa kuliko bango la rangi.

Sasa gharama zenyewe. Sabasaba, yaani Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, huandaliwa na TanTrade katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai. Ni siku 16. Nitachukua mzalishaji wa mfano: anatoka mkoani, ana msaidizi mmoja, anauza asali ya gramu 500 kwenye chupa. Tarakimu ni za kukokotolea tu. Futa zangu, andika zako.

Chupa moja imemgharimu 6,000: asali 4,200, chupa tupu 800, lebo 200, kazi ya kuchuja na kujaza 800. Kwenye meza anaiuza rejareja 10,000, hivyo anabakiwa na 4,000. Mwenye duka anayetaka naye kuiuza 10,000 na kupata asilimia 30 ya bei hiyo atainunua kwa 7,000, na mzalishaji anabakiwa na 1,000 tu, tena kama mwenye duka atajilipia usafiri.

Tuseme mchango wake kwenye banda la pamoja ni 500,000. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni 240,000. Gesti ya chumba kimoja kwa siku 16 kwa 20,000 ni 320,000. Chakula cha watu wawili, 8,000 kwa siku kila mmoja, ni 256,000. Kusafirisha mzigo ni 150,000, bango na kadi 100,000, chupa 20 za kuonjesha 120,000. Jumla ni 1,686,000. Ili zirudi kwa rejareja peke yake, lazima auze chupa 422, sawa na chupa 26 au 27 kila siku, pamoja na zile siku za katikati ya wiki ambapo watu hupita wakiwa wameshika vikombe vya juisi. Akiuza 300 amepata 1,200,000, na amebaki na hasara ya 486,000.

Wengi hapa ndipo wanaposema maonesho hayalipi, na sikubaliani nao kwa haraka hivyo. Akiondoka na maduka matatu, kila moja likichukua chupa 48 kwa mwezi, anaingiza 144,000 kila mwezi, na katika mwezi wa nne ile hasara imekwisha. Kwa hiyo 486,000 tuliyoiita hasara ni bei aliyolipa kuwapata wanunuzi watatu, 162,000 kwa kila mmoja. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha njia moja na nyingine.

Njia ya pili haina banda. Ni begi la sampuli. Mtu mmoja anapanda basi na chupa 20, anakaa Dar siku tatu, anazunguka maduka matano kwa siku kuanzia Kariakoo hadi Mbezi. Nauli 120,000, gesti 60,000, chakula 24,000, daladala na bodaboda 45,000, sampuli 120,000. Jumla 369,000. Kati ya maduka 15 tuseme mawili yamekubali. Kila mnunuzi amegharimu 184,500. Kwa kuangalia juu juu, Sabasaba ni rahisi zaidi.

Lakini tumesahau kitu ambacho wazalishaji wetu husahau karibu kila mara, hasa wanawake: siku zao wenyewe. Banda limekula siku 32 za kazi, watu wawili kwa siku 16. Begi limekula tatu. Zipe siku hizo thamani ndogo tu, 10,000 kila moja. Gharama halisi ya banda inapanda hadi 806,000, karibu 269,000 kwa kila mnunuzi. Ya begi inakuwa 399,000, sawa na 199,500 kwa kila mnunuzi. Matokeo yamegeuka. Na kwa mfuga nyuki wa misitu ya miombo ya Tabora, mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai bado ni msimu wa kurina asali. Siku anazosimama Barabara ya Kilwa ndizo siku ambazo mizinga yake inamhitaji. Shangazi alimwachia mtu mwingine kazi ya kurina mwaka ule, na asali iliyoletwa nyumbani ilikuwa imechanganyika na masega mabichi.

Mwenye batiki au vikapu hana shida hiyo, kwani kazi yake haimsubirishi msimu. Anaweza kusuka akiwa bandani, na kwa kweli watu husimama zaidi wanapoona mikono ikifanya kazi. Kwake siku 16 si hasara ileile. Ndiyo maana siamini ushauri wa jumla kwamba Sabasaba inafaa au haifai. Inategemea unachotengeneza na lini kinakuhitaji nyumbani.

Kuna jambo jingine linaloipandisha gharama ya kila mnunuzi, nalo ni mpangilio wa maonesho yenyewe. Milango yetu iko wazi kwa kila mtu, na hilo lina uzuri wake: familia hutembea, watoto huona viwanda, mtu wa Temeke hukutana na mtu wa Tandahimba. Ila mnunuzi wa jumla anayetaka kujadili bei ya katoni mia moja anasukumwa kwenye foleni na mtu anayetaka kuonja. Ambiente, maonesho makubwa ya bidhaa za nyumbani yanayofanyika Frankfurt kila mwaka, huingiwa na wafanyabiashara tu. Mtazamaji wa kawaida haruhusiwi, na muuzaji hana mzigo wa kuuza mkononi. Ana sampuli, orodha ya bei na kitabu cha oda. TanTrade huandaa mikutano ya wafanyabiashara kwa wafanyabiashara wakati wa Sabasaba, na ningemsihi kila mzalishaji ajiandikishe huko mapema kabla hajafikiria rangi ya kitambaa cha meza. Nusu saa ya kukaa na mtu aliyekuja kununua inaweza kuzidi wiki nzima ya kuita wapita njia. Laiti ningekuwa na sauti kwenye upangaji, asubuhi mbili au tatu katika zile 16 zingekuwa za wenye maduka, hoteli na wauzaji wa nje peke yao.

Banda lenyewe si lazima ulilipe peke yako. SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, hupeleka wajasiriamali wake kwenye maonesho haya, na huandaa pia maonesho yake ya kanda. Halmashauri nazo hubeba vikundi vyao kwenda Nane Nane, zile siku nane za mwanzo wa Agosti. Hapo gharama hushuka sana, kwani uko karibu na kwako, hulali gesti muda mrefu, na mara nyingi meza ni ya kikundi. Ubaya wake nimeuona kwa macho. Meza ya halmashauri huwa na jina la halmashauri kwa herufi kubwa, na bidhaa kumi na tano za watu kumi na tano zimebanwa chini yake. Mnunuzi akiuliza asali ni ya nani, anayelinda meza saa hiyo ni mtu wa sabuni. Ukienda kwa meza ya kikundi, kubalianeni kwanza kwamba kila aliye zamu anajua bei ya jumla ya kila bidhaa, na kila chupa ina namba ya simu ya mwenyewe kwenye lebo. Fanyeni hivyo, na meza ya kikundi itakuwa njia ya bei nafuu kuliko zote kwa anayeanza.

Anayeanza hapo pia ndipo anapopimwa. Maduka makubwa yatamuuliza alama ya ubora ya TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupewa barua ya utambulisho na kusaidiwa kuingia katika utaratibu huo. Hili lianze miezi kadhaa kabla ya maonesho, si wiki mbili. Watamuuliza pia msimbomilia, ile mistari ya kusomwa na mashine, ambayo kwa namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Weka gharama hizi kwenye hesabu yako ya kila mwaka, usizibebeshe onesho moja.

Sasa nije kwenye gharama isiyoonekana siku ya maonesho, nayo kwangu ni kubwa kuliko banda. Ni mali kauli. Mwenye duka anaifurahia asali, anasema leta, nitakulipa ikiuzwa au baada ya siku 60. Kila mmoja anarudi nyumbani amefurahi. Piga hesabu: chupa 48 kwa mwezi, malipo baada ya miezi miwili, maana yake wakati wote una chupa 96 dukani ambazo hazijalipwa. Kwa gharama yako ya 6,000, hiyo ni 576,000 kwa duka moja. Kwa maduka matatu ni 1,728,000. Umewakopesha wenye maduka fedha nyingi kuliko zile zote ulizotumia Sabasaba, bila riba, bila dhamana, na mara nyingi bila karatasi.

Hofu hii ina msingi. Oktoba 2015 Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda, na wasambazaji wakabaki wanadai. Januari 2020 wadai wa Nakumatt, nayo ya maduka makubwa ya Kenya, walipiga kura kampuni hiyo ifilisiwe. Mkubwa akianguka, mwenye siagi ya karanga anayedai laki sita hasimami mbele kwenye foleni ya wadai. Kwa hiyo ukilinganisha wanunuzi watatu waliokuja kwenye meza yako, usiangalie nani amekupa bei ya juu. Anayelipa 6,700 taslimu mlangoni anaweza kuwa bora kuliko anayeahidi 7,200 baada ya siku 90, maana fedha ya kwanza itanunua asali nyingine wiki hiyohiyo. Shangazi sasa ana sheria moja: mzigo wa kwanza hulipwa wakati wa kupokelewa. Ameshapoteza maduka mawili kwa sheria hiyo. Hajapoteza mzigo tangu ameiweka.

Kwa wasusi na wachongaji upande huu una nafuu kidogo, ikiwa mnunuzi wao anatoka kwenye mtandao wa biashara ya haki. Kanuni za shirika la kimataifa la biashara hiyo, WFTO, zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe malipo ya awali ya angalau asilimia 50 bila riba pale mzalishaji anapoomba. Neno la kushika ni "anapoomba". Usipoomba, hakuna atakayekukumbusha.

Soko la nje linavutia, na kila mwaka nakutana na kikundi kilichoambiwa kianzie huko. Ningesema anza na jirani. Maonesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalianzia Arusha mwaka 1999 na huzunguka nchi wanachama. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza, 2022 Kampala, 2023 Bujumbura. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani, na hapo husamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za nchi unayoingia hazisamehewi na cheti hicho, na hapo wengi hudhani wameonewa. Mwaka ambao maonesho yako jirani, mtu wa Kagera akienda Kampala anatumia nauli ndogo kuliko akija Dar es Salaam. Mtu wa Lindi hana sababu ya kuhangaika huko kwa mara ya kwanza.

Ulaya na Ghuba ni jambo la kikundi au kampuni, si la mtu mmoja na meza yake. Ukipata oda ya vikapu vya Iringa, vile vya milulu, swali la kwanza litakuwa kama vyote mia tano vitakuwa na kipimo kimoja. La pili litakuwa nafasi. Mzigo mwepesi baharini hutozwa kwa mita ya ujazo, na kikapu ni chepesi lakini kimejaa hewa. Vikundi vinavyosuka seti ya vikapu vitatu vinavyoingiliana husafirisha vitatu kwenye nafasi ya kimoja, na faida yao huanzia hapo, kabla hata ya kujadili bei. Hilo mafundi wa Mufindi wanaweza kulijaribu leo nyumbani bila kupanda ndege.

Niseme na wanunuzi pia, kwani gazeti hili linasomwa na wenye maduka, mama wa migahawa na mameneja wa hoteli. Kwenu maonesho ndiyo njia rahisi kuliko zote: kwa siku moja mnakutana na wazalishaji ambao ingewachukua mwezi kuwazungukia. Nendeni siku za katikati ya wiki, asubuhi. Chukueni chupa mbili za tarehe tofauti za kujazwa, mzilinganishe. Asali iliyoganda haijachakachuliwa kwa sababu hiyo tu, kuganda ni tabia yake. Ya kuogopa ni yenye maji mengi, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20, kwani yakizidi huchacha. Na ile namba 620 inaonyesha tu nchi ambayo namba imetolewa, haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania. Mwulizeni mwenye meza ni kijiji gani na nani anarina.

Kuna ombi moja ninalolitoa kwa uzito. Siku ya mwisho wenye mabanda huuza kwa bei ya hasara kwa sababu hawana nauli ya kurudisha mzigo. Mnunuzi anayesubiri siku hiyo anapata katoni rahisi mara moja, na mwaka unaofuata anashangaa kwa nini yule mama hakuja tena. Kama mzigo ni mzuri, nunueni siku ya tatu kwa bei ya jumla ya haki, mwandikiane mzigo wa mwezi ujao.

Shangazi hakuacha maonesho. Siku hizi anakwenda Nane Nane kwenye viwanja vya Ipuli, Tabora mjini, mwendo ambao hauhitaji gesti, akiwa kwenye meza ya kikundi yenye lebo za kila mtu. Kazi ya kurina huwa imepungua kufikia hapo. Novemba anakuja Dar na begi, siku tatu, chupa 20, na karatasi yake moja: kilo, lita, katoni ya chupa 12, bei ya jumla, katoni 15 kwa mwezi na si zaidi. Hiyo namba ya mwisho aliipata kwa kuhesabu ndoo zake za miaka miwili, jioni moja, kwenye mkeka, mimi nikimshikia taa ya simu.